Kazi Ikiisha, Bima Isife

Mwalimu aliyeajiriwa na halmashauri ya shule kwa kandarasi huweza kulala ana kazi akaamka hana. Siku hiyo hapotezi mshahara pekee. Ngao yake ya matibabu nayo huwa mashakani.

Tangu Oktoba 2024, mpango wa SHA ulipochukua nafasi ya NHIF iliyoundwa mwaka 1966, mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi. Akiachishwa kazi, makato hukoma. Sheria humhesabu sasa miongoni mwa wasio na mshahara: uwezo wa nyumba yake hupimwa, kisha hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Kiwango cha chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600.

Hapa ndipo penye kasoro. Aliye na kipato hulipa kidogo kidogo. Asiye nacho hudaiwa zote pamoja. Kumshauri akope ili alipe ni kumtua mzigo begani na kumtwika kichwani.

Bima ni kinga ya siku ya dhiki. Kinga inayotoweka dhiki inapobisha hodi, tuiiteje?

Bunge na limruhusu aliyepoteza kazi aendelee kulipa kila mwezi, tena apewe muhula wa miezi mitatu kabla ya huduma kukatizwa. Mwajiri naye amweleze mapema hatua za kufuata. Nasi walimu tuwafunze vijana wetu jambo hili kabla hawajatia sahihi kandarasi yao ya kwanza. Maradhi hayaulizi kama mtu ana ajira.