Sauti Isiyo na Uso: Lugha, Amri na Ukatili katika Filamu ya Compliance

Wanaisimu tumezoea kuiachia saikolojia suala la ukatili wa binadamu. Ikiulizwa kwa nini mtu wa kawaida humtesa mwenziwe kwa kuwa tu ameamriwa, sisi hunyamaza, kana kwamba amri si tungo. Katika maoni haya mafupi tunadai kwamba kimya hicho hakifai. Mfano wetu ni filamu ya Kimarekani iitwayo Compliance, iliyoandikwa na kuongozwa na Craig Zobel na kuonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2012.

Kisa chake ni chepesi kusimulia, kigumu kutazama. Mtu anapiga simu katika mkahawa wenye shughuli nyingi na kujitambulisha kuwa ni askari wa polisi. Anamweleza meneja, Sandra, kwamba mfanyakazi wake kijana, Becky, amemwibia mteja fedha. Sandra anaagizwa amfungie binti huyo chumbani, ampekue, amvue nguo. Saa zinapita, watu wengine wanaitwa wamlinde, na maagizo yanazidi kuwa machafu hadi binti anadhalilishwa kijinsia. Mpigaji simu si askari. Hana silaha, wala hayupo mahali pale. Alicho nacho ni sauti tu.

Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya kubuni. Filamu imejengwa juu ya tukio la Aprili 2004 katika mji wa Mount Washington, jimbo la Kentucky. Na simu za aina hiyo zilizopigwa Marekani kabla ya hapo zilizidi 70.

J. L. Austin, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955, alitufunza kwamba kusema ni kutenda, na kwamba tendo la usemi hubatilika endapo msemaji hana mamlaka stahiki. Kwa kigezo hicho, amri za mtu yule zilikuwa batili tangu neno la kwanza. Hata hivyo zilitekelezwa. Maoni yetu ni kwamba filamu hii inatulazimisha kuirekebisha hoja ya Austin: aghalabu mamlaka hayaitangulii amri, bali huzaliwa pale msikilizaji anapoitikia. Kila “ndiyo” ya Sandra ndiyo inayompa mgeni yule cheo cha uaskari.

Je, itikio hilo hupatikanaje? Hapa ndipo sarufi inapohusika. Mpigaji simu haanzi na ukali. Anasifu, anashukuru, anadai kwamba mkubwa wa Sandra yuko kwenye simu nyingine, na anaficha mtenda. Tuchukue mifano ya Kiswahili. Katika “Mpekue” yupo anayeamuru na yupo anayeamriwa, ambaye aweza kujibu “Simpekui”. Katika “Inabidi apekuliwe” mwamrishaji ametoweka, na mpekuzi vilevile. Kiambishi i- hakimrejelei mtu yeyote. Katika “Utaratibu unadai apekuliwe”, utaratibu umekuwa kiima, na hakuna awezaye kuubishia utaratibu uso kwa uso. Stanley Milgram alitumia mbinu hiyo hiyo katika majaribio aliyoyaanza Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1961. Mshiriki aliyesita aliambiwa kwamba jaribio ndilo linalomtaka aendelee, si mtaalamu aliyesimama mbele yake. Katika jaribio lake linalojulikana zaidi, washiriki 26 kati ya 40 waliendelea hadi kiwango cha juu kabisa cha umeme walioamini kuwa ni wa kweli.

Wapo wanaoilaumu filamu hii kwa kumdhalilisha binti yule mara ya pili, mbele ya watazamaji, na baadhi yao waliondoka ukumbini ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza. Lawama hiyo si ya kupuuzwa. Lakini tunaona kwamba karaha anayoipata mtazamaji ina kazi yake: inamkinga asijistareheshe kwa kusema, “Mimi nisingefanya hivyo.”

Anayekomesha mateso hayo ni Harold, mzee wa matengenezo. Hana elimu ya juu wala cheo. Anapopewa simu na kuelezwa la kufanya, anakataa kata kata, na kukataa kwake kunamfanya Sandra azinduke. Lugha ya utaratibu haikumnasa, kwani yeye alikitazama kitendo chenyewe.

Kwa miaka mingi tumewafundisha wanafunzi wetu kauli ya kutendwa kama suala la viambishi -w- na -liw-. Wanaijua vizuri, na mitihani huijibu. Imetupasa sasa kuwafundisha pia swali linaloandamana nayo: ametendwa na nani? Mwanafunzi atakayetoka darasani na mazoea ya kuliuliza swali hilo, hata mbele ya mkubwa wake, atakuwa amejifunza sarufi ipasavyo.