Usimfokee mtoto kwa sababu ya barafu

Mpe mtoto wa miaka minne donge la barafu uone. Hatakuuliza ni nini. Atalishika, aliachilie, alishike tena, alilambe, kisha aligonge sakafuni asikie mlio wake. Hapo ndipo wazazi wengi tunapopaza sauti: "Wacha hiyo! Utashikwa na homa!"

Mafua huletwa na virusi, hayaketi ndani ya barafu. Na mtoto huyo unayemfokea yumo darasani. Katika umri wake, mikono, macho na ulimi hufunza kabla ya kalamu. Maneno kama "baridi", "gumu" na "kuyeyuka" humwingia vizuri pale vidole vyake vinapoyaonja.

Hebu jaribu hivi. Jioni, tia maji safi katika vikombe viwili vya plastiki, weka ua dogo ndani ya kila kimoja, kisha uviweke kwenye friza. Usijaze hadi pomoni, kwani maji yakiganda hupanuka. Kama huna friji, mwombe mwenye duka jirani akugandishie.

Kesho yake toa madonge yote mawili. Moja liweke wazi kwenye karai, la pili livingirishe kwa sweta kuukuu. Sasa muulize mtoto: "Lipi litaisha kwanza?"

Huenda akakujibu ni lile lililovikwa sweta, maana yeye akivaa sweta huhisi joto. Usimcheke, wala usimsahihishe. Mwache alishike lile la wazi, alimwagie maji vuguvugu kwa kijiko, alitafute ua. Baada ya saa moja, fungueni sweta pamoja. Atashangaa kukuta donge lake bado kubwa!

Ndipo umweleze: sweta haina joto lake. Kwako huzuia joto la mwili lisitoke; kwa barafu huzuia joto la nje lisiingie. Mwuza samaki anayefunika barafu yake kwa gunia aijua siri hiyo.

Lakini tahadhari. Usitumie vipande vidogo, vinaweza kumkaba mtoto. Barafu ikitoka kwenye friza iache kwanza hadi ianze kutoa maji, kwani ikiwa kavu hunata ngozini na kuiumiza. Mikono ikianza kufa ganzi, apumzike. Na usimwache peke yake hata dakika moja. Maji ya karai yanatosha kumzamisha mtoto mdogo.

Mzazi mwenzangu, tunalipa karo ili watoto wetu wafundishwe kufikiri, kisha nyumbani tunawanyamazisha wanapoanza. Mtoto aliyezoea kufokewa kila agusapo kitu huacha kugusa, na baadaye huacha kuuliza. Sakafu iliyolowa hukaushwa kwa tambara. Swali lililozimwa, nani atalirudisha?