Mchumba Tunamchunguza, Chuo Tunakibahatisha



Wiki iliyopita alikuja dukani kwangu bibi harusi mtarajiwa na mama yake kupima nguo. Saa nzima walibishana juu ya lesi: nyeupe au rangi ya maziwa, yenye shanga au isiyo na shanga. Sikuudhika, ndiyo kazi yangu. Nikiwa nampima mikono nikamuuliza, "Haya, na Kidato cha Sita umemaliza, unakwenda kusoma nini?"

"Nataka kuomba mawasiliano, anti."

"Mawasiliano gani?"

"Mawasiliano tu. Pale anapoomba rafiki yangu."

Futi ya kupimia ilitaka kunianguka. Nguo ya usiku mmoja tumeijadili saa nzima, na masomo ya miaka mitatu hayakupata hata dakika mbili.

Mimi niliishia Kidato cha Nne nikaenda kozi ya ushoni. Darasa la chuo kikuu sijakaa hata siku moja, lakini ada nimelipa, tena kwa cherehani hii hii. Mdogo wangu alikuwa na hamu ya kuwasaidia watoto na kina mama wanaoteswa majumbani. Aliona neno Sosholojia, akaambiwa ni mambo ya jamii, akaomba. Mwaka wa pili ananipigia simu analia: nadharia, utafiti, takwimu, na mtu wa kukaa naye kumsikiliza hamuoni. Sosholojia haina kosa, ni elimu ya kuichunguza jamii. Alichokitaka yeye kinaitwa Ustawi wa Jamii, na hicho ni kazi ya kukaa na familia yenye shida. Alianza upya. Miaka miwili ya ada ikapotea, na hakuna aliyetudhulumu. Hatukuuliza.

Na kwenye habari ni hivyo hivyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam peke yake kina shahada ya Uandishi wa Habari, ya Mawasiliano ya Umma, na ya Uhusiano wa Umma na Matangazo. Wa kwanza anafundishwa kutafuta habari na kuiandika. Wa pili anapita kwenye redio, televisheni na nadharia za mawasiliano kwa upana zaidi. Wa tatu anafundishwa kuisemea taasisi na kuitangaza bidhaa. Wewe mwenye haya ya kumuuliza mtu swali zito, na wewe unayetaka kusimamia matangazo ya biashara yako, hamuwezi kujaza fomu moja kwa sababu mmekaa dawati moja.

Kwa hiyo rai yangu ni hii: usiombe mpaka uweke programu mbili au tatu pamoja, kama tunavyoweka vitambaa juu ya meza. Soma orodha ya masomo ya kila mwaka, usisome jina la shahada tu. Uliza mafunzo ya vitendo yanafanyika wapi na kwa muda gani, na kama studio ya redio inafanya kazi au imefungwa kwa kufuli. Mtafute dada aliyemaliza pale, umuulize anafanya kazi gani sasa. Hakikisha programu imo kwenye mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Kwa mwenye cheti cha Kidato cha Sita, kima cha chini kwa kawaida ni ufaulu wa masomo makuu mawili yenye jumla ya pointi 4, A ikihesabiwa 5 na E ikihesabiwa 1. Huo ni mlango wa nje tu, kila programu ina masharti yake ndani.

Kisha piga hesabu nzima. Ada si gharama yote. Ukisoma Tunguu unaweza kulala kwenu. Ukisoma Dar es Salaam kuna dahalia, chakula, na boti kila likizo. Kama unategemea Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, soma masharti yake mapema, usisubiri barua ya chuo.

Wengine wataniambia, "Mwachie Mungu, sali istikhara." Sawa, tusali. Lakini posa ikija, tunasali na bado tunatuma watu mtaani kwao kuuliza tabia yake, sala yake na kazi yake. Hatuoni kuwa kuuliza ni kukosa imani. Kwa nini kwenye chuo tuone hivyo?

Na nyinyi maharusi, neno moja zaidi. Kama unataka kusoma, lisemwe kabla ya mahari kupokelewa, mbele ya walii wako na upande wa mume: unasoma nini, wapi, miaka mingapi, nani analipa. Muulizeni sheikh wenu namna ya kuliweka. Nimeshawashonea wengi walioahidiwa "utasoma tu, usijali" kwa mdomo, na leo wanakuja kupanua nguo za uzazi, fomu ya chuo imo kabatini.

Yule mwari anarudi Alkhamisi kujaribu nguo. Nimemwambia aje na orodha za masomo za vyuo viwili. Nguo itakuwa tayari, na yeye nataka nimkute tayari.