Ganzi kwa Aliyepasuliwa Pua

Mgonjwa aliyepasuliwa pua mara nyingi huzibwa matundu kwa shashi, akapumua kwa mdomo. Mofini ikizidi humpunguzia pumzi zaidi. Ipo njia nyingine: kudunga bupivakaini kandokando ya mishipa ya fahamu ya pua, ili habari ya maumivu isiufikie ubongo kwa saa kadhaa. Kanuni ni ileile ya ganzi ya kung'olea jino. Dawa hiyo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kinachotakiwa ni mkono uliofunzwa na kipimo kilingane na uzito wa mwili. Basi ustadi huu ufundishwe pia matabibu watakaotumikia Litembo, wilayani Mbinga, na Liuli, ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Kumwambia mgonjwa avumilie si tiba.