Gesi Kwanza, Fomula Baadaye

Baadhi ya wanachama wetu huwasaidia masomo wanafunzi wa sekondari hapa Marekani, wengi wao watoto wa familia zilizotoka Kongo na Burundi. Katika kemia, mada inayowasumbua sana ni gesi. Kwa maoni yangu, tatizo ni mpangilio wa ufundishaji. Tunawapa PV = nRT kabla hawajajua gesi ni kitu gani. Mwanafunzi anahamisha herufi, anapata jibu, na bado hawezi kueleza kwa nini tairi la baiskeli hulegea asubuhi ya baridi.

Napendekeza tugeuze mpangilio huo. Tuanze na bomba la sindano, bila sindano yenyewe. Vuta hewa hadi mililita 60, ziba mdomo wake kwa kidole, kisha sukuma. Ukifika 30, kanieneo ya hewa iliyomo imekuwa maradufu, mradi halijoto haikubadilika. Hiyo ndiyo kanuni aliyoichapisha Robert Boyle mwaka 1662. Sasa mwulize mwanafunzi: kwa nini? Asijibu "fomula inasema hivyo". Aeleze kwamba molekuli ni zilezile na kasi yake ni ileile, ila nafasi imepungua kwa nusu, kwa hiyo zinagonga kuta mara nyingi zaidi.

Na aeleze kwa Kiswahili, kama ndiyo lugha anayofikiria nayo. Lugha yetu itamsaidia, lakini nayo ina mitego. Tunasema tairi "halina upepo", ilhali upepo ni hewa inayovuma. Hewa ya ndani ya tairi haivumi. Molekuli zake ndizo zinazokimbia huku na huku bila kutulia. Presha nyumbani ni ugonjwa wa mzee. Joto tunalitumia kwa maana mbili: nishati yenyewe, na kipimo chake, ambacho vitabu hukiita halijoto. Mwalimu asiyeyatenganisha maneno haya humwacha mwanafunzi gizani.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye nyuzi. Gesi iliyofungiwa katika chupa ngumu ikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 40 za Selsiasi, wengi hujibu kuwa kanieneo yake itakuwa maradufu. La hasha. Sufuri ya Selsiasi ni pale maji yanapoganda tu. Sufuri halisi iko chini kabisa, nyuzi -273.15. Kwa kelvini tumetoka 293 hadi 313, ongezeko la asilimia 7 hivi. Aliyeelewa mwendo wa molekuli hashangai. Aliyekariri fomula hupoteza alama.

Wapo watakaosema kwamba mtihani ni wa Kiingereza, hivyo Kiswahili kitamchelewesha mtoto. Ni kweli mtihani ni wa Kiingereza, na istilahi zake lazima azijue. Lakini istilahi hujifunzwa haraka na mtu anayejua zinataja nini. Wenzetu waliosoma Tanzania, walioacha Kiswahili cha shule ya msingi wakaingia Kiingereza cha sekondari, wanajua jinsi mtu anavyoweza kufaulu somo bila kulielewa.

Kwa hiyo nawaomba wahadhiri wetu watusaidie kuandaa orodha fupi ya istilahi za gesi, Kiswahili na Kiingereza ubavuni. Nasi wanachama, tukienda kufundisha, tubebe bomba la sindano kabla ya kikokotoo.