Wasee, kabla ya betri kubwa, laza bodi

Kila mtu akiona bodi imemaliza chaji, anakimbilia betri kubwa. Mimi napinga.

Hapa kwa ploti yetu Rongai niliweka bodi ya ESP32 juu ya tangi, initumie meseji maji yakikaribia kuisha. Betri ya miliampea-saa 2,000, bodi inakula karibu 80. Piga hesabu: saa 25 hivi, imezima. Tangi likakauka bila habari, na jirani mwenye mtoto mchanga akabaki kusaka maji na mitungi usiku. Iliniuma, juu kosa lilikuwa langu.

Kwani maji hupimwa kila sekunde? Sasa bodi inaamka kila dakika 15, inapima, inatuma, inalala tena. Ikilala, chipu yenyewe inakula kama maikroampea 10 tu. Lakini chunga: ile taa ndogo nyekundu na regyuleta hazilali, zinakula miliampea kadhaa usiku kucha. Taa nimeng'oa. Wiki imeisha, betri bado iko. Regyuleta ndiyo inafuata.

Betri kubwa inaficha uzembe tu. Wewe, bodi yako inafanya nini saa hii?