Tuzo ya mkubwa: leo medali, kesho marufuku

Watawala wasiopenda kupingwa wana tabia moja inayofanana dunia nzima: wanawapenda sana wasanii. Huwaalika kwenye sherehe, huwavisha medali, huwapa bahasha nene na kupiga nao picha. Sasa hebu tujiulize, kijana mwenzangu. Msanii aliyevishwa medali na mkubwa ana nini hasa mkononi? Ana haki yake aliyoitolea jasho, au ana hisani tu, ambayo itakwisha siku mkubwa akiamka na hasira?

Jibu la swali hili lilishapatikana zamani, tena kwa machozi. Lilipatikana Urusi wakati wa Stalin, kwa watunzi wa muziki wa klasiki, ule wa simfoni, opera na okestra. Najua utauliza: fidla na piano za Wazungu zinatuhusu nini sisi wa Manzese na Buguruni? Subiri. Soma kwanza, halafu utasema mwenyewe kama hadithi hii huijui.

ULAJI WENYEWE

Desemba 1939, katika shamrashamra za kutimiza miaka 60 kwa Stalin, serikali yake ilianzisha tuzo yenye jina lake. Tuzo za kwanza zilitolewa 1941. Daraja la kwanza lilikuwa na donge la rubli 100,000. Mfanyakazi wa kawaida nchini humo alikuwa akipata rubli mia tatu na ushei kwa mwezi. Piga hesabu. Mtunzi aliyepata daraja la kwanza alikuwa anabeba kwa mkupuo mmoja kile ambacho mlalahoi angekisotea zaidi ya miaka ishirini.

Nani alikuwa anachagua washindi? Ilikuwapo kamati ya wataalamu, walikaa vikao na kupiga kura. Lakini orodha yao ilipandishwa juu kwa vigogo wa chama, na neno la mwisho lilikuwa la Stalin. Jina liliweza kuongezwa huko juu, na liliweza kufutwa huko huko. Wataalamu walikuwa wanapendekeza, mkubwa anaamua. Mpaka hapo, je, hujaanza kuona mazingira unayoyafahamu?

Mmoja wa waliopata daraja la kwanza mwaka ule wa kwanza ni Dmitri Shostakovich, kwa kazi yake ya piano na ala nne za nyuzi. Mwaka 1942 akapata tena, kwa Simfoni ya Saba. Sehemu ya simfoni hiyo aliiandika mji wake wa Leningrad ukiwa umezingirwa na majeshi ya Hitler. Tarehe 9 Agosti 1942 wanamuziki waliodhoofika kwa njaa waliipiga ndani ya mji huohuo uliozingirwa. Marekani nako jarida la Time lilimweka ukurasa wa mbele akiwa na kofia ya zimamoto. Jina likawa kubwa, fedha ikaingia, na serikali ikajigamba naye kila kona.

Lakini mtu huyu alikuwa anajua kitu ambacho wapambe wa leo hawataki kukijua. Mwaka 1936 Stalin alikwenda kuiangalia opera yake, ambayo kwa miaka miwili ilikuwa ikishangiliwa. Siku mbili baadaye, tarehe 28 Januari, gazeti la chama, Pravda, likatoa makala isiyokuwa na jina la mwandishi, kwamba ile ni vurugu na wala si muziki. Kufumba na kufumbua opera ikatoweka jukwaani. Mwisho wa mwaka huo akaiondoa Simfoni yake ya Nne ikiwa tayari kwenye mazoezi. Ilikuja kusikika kwa mara ya kwanza Desemba 1961. Miaka 25 ndani ya kabati!

Kwa hiyo alipopewa tuzo za 1941 na 1942, ni yuleyule aliyekuwa ameshapigwa rungu na mkono uleule. Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga. Lakini mkono uliojaa, na uliowahi kukupiga, unaulamba huku unatetemeka.

KAZI YA TUZO YAFUNGIWA

Tarehe 10 Februari 1948 Kamati Kuu ya chama ikatoa azimio kuhusu muziki. Watunzi wakatajwa kwa majina: Shostakovich, Prokofiev, Khachaturian, Shebalin, Popov na Myaskovsky. Kosa lao liliitwa fomalizimu, yaani kutunga mambo magumu yasiyoeleweka na wananchi. Angalia majina hayo vizuri, ndugu msomaji. Ni walewale waliokuwa wamevishwa Tuzo ya Stalin, wengine zaidi ya mara moja!

Siku nne baadaye ofisi ya serikali ya kukagua maonyesho ikatoa orodha ya kazi zilizofungiwa. Ndani yake ilikuwamo Sonata ya Nane ya piano ya Sergei Prokofiev. Sonata hiyohiyo mwaka 1946 ilikuwa imepewa Tuzo ya Stalin daraja la kwanza! Nota hazikubadilika hata moja. Piano ni ileile. Kilichobadilika ni upepo wa wakubwa.

Shostakovich akafukuzwa kazi ya ualimu kwenye vyuo vya muziki vya Moscow na Leningrad. Akalazimika kusimama hadharani kuomba radhi na kuahidi kujirekebisha. Kwa Prokofiev yalikuwa mazito zaidi. Huyu alikuwa ameishi nje miaka mingi, Marekani na Ufaransa, akarudi nyumbani 1936 kwa hiari yake na familia yake. Siku kumi baada ya azimio, makachero wakamkamata Lina, mama wa watoto wake, ambaye alikuwa ameshatengana naye. Mama huyo akahukumiwa kambi miaka 20, akatumikia minane. Medali za Prokofiev hazikumsaidia kitu. Alikufa tarehe 5 Machi 1953, siku ileile aliyokufa Stalin, na nchi nzima ikawa inamlilia mwingine.

Mtunzi huyo alipata Tuzo ya Stalin mara sita. Mara sita! Nguo ya kuazima haisitiri matako.

SIMU YA MKUBWA

Machi 1949 serikali ikataka Shostakovich aende New York kwenye mkutano wa amani. Stalin akampigia simu mwenyewe. Mtunzi akamweleza kwamba kazi zake hazipigwi nyumbani, sasa huko Marekani atajibu nini akiulizwa? Mkubwa akajifanya kushangaa, kana kwamba hakuna aliyeagiza. Tarehe 16 Machi ukatoka waraka wenye saini ya Stalin ukifuta orodha ya zilizofungiwa na kuikemea ofisi iliyoitoa.

Wapambe watasema: unaona? Mzee alikuwa na huruma, waliokosea ni watendaji. Danganya toto! Kama ruhusa inaletwa na simu, marufuku nayo italetwa na simu. Hakukuwa na sheria iliyomlinda mtunzi wala mahakama ya kwenda kudai. Alikuwa anaishi kwa kutegemea mkubwa ameamkaje.

Sasa tazama jambo hili lilivyoharibu kazi yenyewe, maana hapo ndipo penye hasara. Baada ya 1948 Shostakovich akawa na kazi za aina mbili. Za kwanza zilikuwa za kula: muziki wa filamu za kumsifu Stalin, na wimbo mrefu wa kwaya na okestra wa kusifia mpango wa serikali wa kupanda miti. Hizo mwaka 1950 zikampa Tuzo ya Stalin daraja la kwanza. Za pili zilikuwa za kabati. Konseto yake ya kwanza ya fidla aliimaliza 1948 akaificha, ikaja kupigwa 1955, Stalin akiwa ameshazikwa. Leo hii konseto hiyo wapiga fidla wakubwa duniani wanaigombea. Wimbo wa kupanda miti unapigwa kwa nadra sana. Ina maana serikali ilitoa donge nono kwa kazi hafifu, ikaiogopesha kazi nzuri mpaka ikajificha. Na aliyeandika zote mbili ni mtu mmoja!

Waliofaidi kweli ni vigogo. Tikhon Khrennikov aliwekwa kuongoza Umoja wa Watunzi 1948, akawa mstari wa mbele kuwashambulia wenzake. Aling'ang'ania kiti hicho mpaka 1991, nchi yenyewe ilipovunjika. Umoja huo ndio uliokuwa na ufunguo wa nyumba, safari na mikataba ya kazi. Mwaka 1979 alikuwa bado anawataja watunzi saba kwa majina na kuwalaumu, akiwamo mama mmoja aitwaye Sofia Gubaidulina. Gubaidulina alifariki 2025 akiwa na miaka 93, na kazi zake zinapigwa na okestra kubwa za dunia. Wangapi wanaipiga ya Khrennikov?

SERIKALI ISITOE KITU?

Wapo watakaosema: basi serikali ikae mbali kabisa na muziki. Hapana. Sisi vijana wa mageuzi tusidanganywe kwamba kuna njia mbili tu, kufugwa au kufa njaa.

Tutazame Finland. Mwaka 1897 serikali ya ndani ya nchi hiyo, wakati huo ikiwa chini ya Mfalme wa Urusi, ilianza kumlipa mtunzi Jean Sibelius marki 3,000 kila mwaka. Baadaye malipo hayo yakageuka kuwa pensheni ya maisha. Hakupangiwa atunge nini. Miaka miwili baadaye, Novemba 1899, wazalendo wakaandaa maonyesho mjini Helsinki. Kwa nje yalikuwa ya kuchangia pensheni ya waandishi wa habari, kwa ndani yalikuwa ya kupinga Mrusi kuyafunga magazeti. Sibelius akayatungia muziki, na kipande cha mwisho ndicho kilichokuja kujulikana dunia nzima kwa jina la Finlandia. Alikuwa anakula fedha ya serikali, na akatunga muziki uliowaudhi watawala wa serikali ile. Kesho yake fedha ikaendelea kuja.

Hiyo ndiyo tofauti. Fedha ya Sibelius haikuwa na kamba. Tuzo ya Stalin ilikuwa na kamba, na mbuzi hula urefu wa kamba yake.

TURUDI NYUMBANI

Sasa basi, ndugu msomaji, tuangalie kwetu. Tuna Basata, Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya 1984. Tuzo za muziki za nchi hii zilipofufuliwa 2022, baraza hilo ndilo lililozisimamia. Na ni baraza hilohilo lenye rungu la kufungia nyimbo na wasanii. Desemba 2018 liliwafungia Diamond na Rayvanny kwa sababu ya wimbo. Wakaomba radhi, Januari 2019 wakafunguliwa. Mtoa kombe na mshika rungu ni mmoja!

Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa na wimbo wake ukafungiwa. Muda mfupi baadaye, kelele zikiwa nyingi, Rais Magufuli akaagiza aachiwe na wimbo upigwe. Vijiweni tulishangilia. Lakini tulishangilia nini? Tulishangilia simu ya mkubwa. Hakuna mahakama iliyosema kijana huyu alionewa, wala ofisa aliyewajibishwa kwa kumkamata. Kilichotolewa kwa hisani ya mtu mmoja kingeweza kuzuiwa na mtu huyohuyo.

Sisemi kwamba Tanzania ni Urusi ya Stalin. Hatujafika huko, na Mungu apishie mbali. Ninachosema ni kwamba mtambo ni wa aina ileile hata kama moto wake ni mdogo. Pale anayetoa tuzo ndiye anayefungia, msanii mwenye akili atajifunza haraka kutunga wimbo wa kupanda miti, na konseto ataificha kabatini. Wewe msikilizaji hutajua kamwe ulichonyimwa, kwa sababu hukukisikia.

Kwa hiyo madai yetu yawe wazi. Kwanza, chombo kinachotoa tuzo kisiwe na mamlaka ya kufungia wimbo hata mmoja. Pili, washindi wachaguliwe na watu wanaoujua muziki, na orodha yao isipandishwe kwa waziri wala kwa mtu yeyote kupunguzwa au kuongezwa. Tatu, kama wimbo umevunja sheria, ithibitike mahakamani na msanii asikilizwe. Nne, fedha ya umma kwa wasanii itoke kwa sheria, kama mshahara na pensheni, isitoke kwenye bahasha ya mgeni rasmi.

Na wewe kijana uliye na kalamu na biti, siku ukiitwa jukwaani kupokea kombe, pokea, ni jasho lako. Lakini jiulize swali moja kabla ya kuinama kuvishwa. Wiki ijayo nikimwimba huyu anayenivisha, nikasema ukweli wake, kombe hili litabaki kabatini kwangu na wimbo wangu utabaki redioni? Kama jibu ni ndiyo, hongera, umepata tuzo. Kama jibu ni hapana, basi hujapewa kitu. Umefungwa kamba, na ncha yake ameishika mwingine.